Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Mume wangu wa kwanza tulishamzika. Wa pili ni Evaristo Sampa, bwana shamba wa serikali hapa Kapoko, na huyu sikumtafuta mimi, aliletwa na mjukuu wangu Chola. Chola anampikia na kumfulia. Mimi kazi yangu ni kumtania tu. Kwetu bibi na mume wa mjukuu huitana mume na mke mchana kweupe na hakuna anayenuna, isipokuwa Chola mwenyewe, siku Sampa anapopitisha sukari kwangu kabla haijafika kwake.

Si mtu mbaya. Alipokuja alikuwa mwembamba hata ukimtazama ubavuni humwoni, na ile pikipiki ya serikali ndiyo ilikuwa ikimwendesha yeye. Tangu siku hiyo hajapumzika. Mvua ikichelewa, anaulizwa Sampa. Viwavi wakivamia mahindi, Sampa. Daraja likichukuliwa na maji, Sampa. Mtoto akifeli shuleni, mama yake atasimama mbele ya uwanja wa Sampa atangaze kwa sauti kwamba serikali hii haifai hata kufugia kuku. Yeye huitikia kwa upole, "Nitafikisha." Anafikisha wapi hatujui. Nadhani kuna shimo mahali, amelijaza malalamiko yetu mpaka limefurika.

Sasa mwaka huu serikali ikamletea kibao cha kioo. Yeye anakiita kishikwambi. Anakifunga kwenye nepi ya mtoto, anakichaji kwa sola, mvua ikitonya anakifunika yeye kabla hajawafunika watoto. Anayetaka mbolea na mbegu za bei nafuu lazima aingie kwenye hicho kibao, uso na kidole gumba. Asiyeingia hapati hata punje. Yasemekana huko nyuma mabwana fulani, mahali fulani, waliwaandikisha marehemu na kuwabebea mbolea yao, kana kwamba marehemu wanalima. Basi wakubwa huko Lusaka wakakaa, wakanywa chai, wakatunga dawa: bwana shamba na mkulima wakae bega kwa bega, wapigwe picha moja, nyuso mbili, macho mbele, halafu wabonyeze vidole gumba vyao kwenye kioo kwa pamoja. Tena kibao cha Kapoko kinamkubali Sampa peke yake na watu wa Kapoko peke yao.

Waliotunga hayo nina hakika wana akili. Sina hakika kama wana wakwe.

Maana binti yangu, mama yake Chola, hajawahi kumtazama Sampa usoni tangu amwoe mwanawe. Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani, hawasemeshani, hawagusani, mpaka siku mama atakapompikia karamu na kumwingiza nyumbani kwake kwa heshima. Kabla ya hapo wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Siku moja waliingia wote wawili, upande uleule, wakashtuana humo ndani, wakatimka kila mtu na njia yake. Sampa tulimpata jioni juu ya mti. Mama Chola alirudi baadaye sana akiwa na chumvi ya Kongo.

Karamu yenyewe ingekuwa imeliwa na kusahauliwa. Watoto wa Chola wameota meno na kuyang'oa. Lakini binti yangu ana maringo ya chungu. Kila mwaka kuna kitu kinapungua. Mwaka huu hakuna samaki mkubwa wa ziwa la Mweru. Mwaka ule kanga wa porini wamehama. Mwaka mwingine vyungu havifanani.

"Mama, siwezi kumwingiza mkwe wa serikali kwa dagaa," ananiambia. "Watu watasema nini?"

Watu walishasema, mwanangu. Walisema, wakachoka, wengine wakafa.

Basi wakati wa baridi baba yake Chola akatutoka, naye ndiye aliyekuwa akiandikwa kwa mbolea. Shamba likabaki la Mama Chola peke yake, na udongo wa shamba lile umechoka kama magoti yangu. Bila mbolea, mahindi yake hutoka ya njano, gunzi kama kidole cha mtoto. Mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa. Akikosa kuingia kwenye kibao, mwakani atakula nini? Atakula kwangu. Na mimi ninakula kwake.

Jumatatu Sampa akaweka meza chini ya kichuguu nyuma ya kanisa, kwa sababu mtandao wa Kapoko hukaa juu ya kichuguu hicho na hautaki kushuka. Nasikia mchwa wa mle ndani wana simu zao. Foleni ilikuwa ndefu, jua la Oktoba likitukaanga, na katikati ya foleni alisimama mtu amejifunika kitenge kutoka utosini hadi magotini. Watu wakasogea, naye akasogea, mpaka akafika mezani.

Sampa hamjui mama mkwe wake kwa sura. Anamjua kwa miguu. Aliposema "Mwingine!" akaona ile miguu mbele ya meza yake, aliruka kama aliyekalia siafu. Kiti kule, kalamu kule, yeye nyuma ya kichuguu.

"Serikali imekimbia!" akapiga kelele mwanamke wa nyuma.

"Imeona nini?"

"Imeona mama mkwe!"

"Jamani, Mama Chola, toka kwenye foleni, tunakufa na jua!"

"Nitoke niende wapi?" akajibu Mama Chola kutoka ndani ya kitenge. "Mbolea ni ya baba yako?"

Nikazunguka kichuguu na fimbo yangu. Sampa amechuchumaa, amekikumbatia kibao kama mtoto mwenye homa.

"Mume wangu, toka huko. Makalio yanaonekana."

"Ameondoka?"

"Hajaondoka. Njoo umpige picha, ukifika kwake ufumbe macho."

"Kibao hakitaki macho yaliyofumbwa, mke wangu."

"Basi mwandike jina tu, uso weka wangu."

"Wewe nilishakuandika. Kitasema huyu bibi nimemwona."

"Si kiseme! Kitanifanya nini? Kitaniuma?"

"Mimi ndiye nitafungwa," akasema, na kweli machozi yalikuwa karibu. "Wewe unacheka, lakini akikosa mbolea, mtasema nani alimnyima? Mtasema mkwe wake. Na nikimtazama, mtasema nani alimvunjia heshima? Mkwe wake."

Mtu yule alikuwa amekaa mahali ambapo kila upande ni mwiba. Nikaenda kumwondoa binti yangu kwenye foleni, na foleni ikatupigia makofi kama maharusi.

Jumanne nikaja na akili yangu mwenyewe, maana ya serikali imeshindwa. Nikasema: sheria inataka wakae bega kwa bega, haikusema pasiwe na nguo katikati. Tukatandika mkeka uwanjani kwa Chola, na foleni nzima ikatufuata kutazama. Tukasimamisha mti katikati ya mkeka, tukaufunga kitenge, nikakikunja kwa mbele kama pazia ili hata ukingo wa jicho usipenye. Sampa akaletwa upande huu, Mama Chola upande ule, wote macho mbele. Chola akasimama na kibao ampige picha mumewe na mama yake.

"Tayari?" akauliza Chola.

"Piga upesi, mgongo unaniuma," akasema mama yake.

"Mwambie asogee kidogo," akasema Sampa.

"Nani asogee?"

"Yeye."

"Yeye nani? Sema mama."

"Chola, usinichokoze, nina kazi!"

Kibao kikalia mlio mbaya, kama bata aliyekanyagwa. Chola akakisoma, akakunja uso.

"Kinasema nyuso ni tatu."

"Tatu? Nani mwingine yuko hapo? Mke wangu, ondoka nyuma!" akasema Sampa.

"Mimi niko mbele huku," nikasema. "Usinisingizie."

Tukatazama. Pale katikati, juu ya mti, mgombea ubunge wa uchaguzi uliopita alikuwa akitutabasamia na meno yote. Kitenge cha kampeni! Nani asiye nacho? Tulipewa bure, tunabebea watoto, tunafunikia unga. Chola akabonyeza tena. Kibao kikakubali nyuso mbili safari hii, kikafurahi kabisa, kikachora mraba wa kijani: Sampa na mgombea.

"Kinasema mkulima ni huyu wa katikati," akasema Chola.

"Mwambie huyo alishindwa uchaguzi!" akafoka Sampa.

"Hakushindwa," sauti ikatoka upande wa pili wa kitenge, ikiongea na hewa. "Aliibiwa."

Nikaapa sitaona mashine nyingine yenye macho mengi na akili kidogo kiasi hicho. Tukabandua mgombea, tukaweka blanketi la kijivu lisilo na chama. Picha ikakubali! Nyuso mbili, miraba miwili. Nilikuwa nimeanza kucheza. Vikabaki vidole. Chola akashusha kibao mbele ya blanketi, Sampa akanyoosha gumba lake kutoka huku, mama akanyoosha lake kutoka kule, vidole vinatafutana juu ya kioo kama konokono vipofu.

Ndipo kimbunga cha vumbi kikaja. Unajua vile vya Oktoba, vinavyozunguka uwanjani bila kualikwa. Nimeona kimoja kikibeba mbuzi na kumrudisha akiwa amekamuliwa. Hiki kiling'oa blanketi na mti wake, kikavuka navyo kijito. Na wale wawili, wakiwa wamenyoosha vidole, wakageuka kutazama kinachotokea.

Wakatazamana.

Mama Chola alipiga yowe lililoangusha ndege. Sampa alijitupa kifudifudi mkekani. Kibao kikadondokea kwenye unga wa mihogo uliokuwa umeanikwa kando, kikazima.

Jioni ile binti yangu alijifungia ndani. Nikagonga, akasema kupitia mlangoni: "Nimemtazama mkwe wangu bila karamu, mbele ya watu. Sitaki mbolea tena. Sitaki kibao. Niacheni na mahindi yangu ya njano."

"Na sisi utatuachia nini?" nikamwuliza.

Kwa upande wa pili Sampa naye hali wala hasemi, anapangusa kibao kwa mswaki mpaka kikawaka tena. Sijui nani alinifanya niishi mpaka umri huu nione haya.

Jumatano tukapanda kichuguuni, mimi na yeye, kumpigia mkuu wake huko boma, makao ya wilaya, Bwana Jere. Jere ni Mngoni. Babu zake na babu zetu walipigana mpaka mikono ikachoka, tangu hapo tunapigana kwa matusi, na ni raha tupu. Sampa akaweka sauti kubwa, akaeleza kwa heshima: naomba afisa mwingine aje kumwandikisha huyu mmoja.

"Sampa," sauti ikasema, "kila afisa na kibao chake. Serikali haina mama mkwe. Nyuso mbili, picha moja, Ijumaa nafunga."

"Bwana mkubwa, ni mila."

"Mila gani? Nyinyi walaji wa nyani mna mila? Mtazame tu! Kwani ni jua?"

Nikamnyang'anya simu. "Wewe Mngoni, sikiliza. Mama mkwe wako anaishi wapi?"

"Nani huyo?"

"Mkubwa wako. Anaishi wapi?"

"Chipata."

"Na wewe uliomba kazi huku, mwisho wa dunia, ukamwacha Chipata. Halafu unatuambia tumtazame tu! Wa kwako mbona hukumtazama, mla panya wewe?"

Jere akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu sasa, si ya ofisi: "Bibi, wallahi ningekuwa na uwezo ningekuja mwenyewe. Kibao chenyewe hakinisikii hata mimi. Mna mpaka Ijumaa saa kumi. Hamna njia ya kuwafungua hao wawili huko kwenu?"

Njia ipo. Ndiyo iliyokuwa ikingoja samaki wa Mweru.

Nikashuka kichuguu kwa kasi ambayo watu bado wanaisimulia. Nikapiga mlango wa binti yangu kwa fimbo mpaka akafungua.

"Kesho unamwingiza mkwe wako."

"Kwa chakula gani? Nina nini? Hata kuku mzima sina!"

"Nina jogoo."

"Yule? Mama, yule ni mzee kuliko barabara!"

"Atachemka tangu alfajiri."

"Samaki?"

"Dagaa."

"Dagaa!" Akashika kichwa. "Kwenye karamu ya mkwe! Mama, nimeweka heshima yangu miaka yote hii. Nilisema mtu huyu amemtunza mwanangu, hajampiga hata siku moja, siku nikimpikia nimpikie kitu kitakachosemwa mpaka boma. Sasa nimpe dagaa kwa sababu ya mbolea? Atasema ndiyo bei yake."

Sikujua kama ndivyo alivyokuwa akifikiri. Miaka yote nilidhani ni maringo. Nikakaa kizingitini.

"Mwanangu," nikasema, "mtu huyu amelala kifudifudi kwenye mkeka mbele ya foleni nzima ya Kapoko kwa ajili ya heshima yako. Unadhani atahesabu samaki?"

Akageuka akatazama vyungu vyake. Kisha akauliza, kwa hasira: "Viwavi wakavu wa kula unao?"

Alhamisi tukapika. Ugali wa mihogo na ulezi, mweusi, mzito. Kisamvu kwa karanga. Viwavi. Uyoga mkavu. Maharage. Chikanda, ile mizizi ya porini inayotwangwa na karanga ikakatwa vipande kama mkate. Dagaa nao, kwenye chungu cha mwisho kabisa, kimefunikwa vizuri kuliko vyote. Jogoo wangu alikaa motoni tangu kabla ya jua mpaka jua likachoka. Kuni ziliisha, tukachoma kiti. Akatoka vilevile alivyoingia, amekasirika tu zaidi. Vyungu havikufanana hata viwili.

Wanawake wakavibeba kichwani wakiimba, Mama Chola mbele. Sampa akaletwa mlangoni kwa mama mkwe wake, shati la ofisini, macho ardhini. Mkubwa wa ukoo ni mimi, basi nikasema neno: tangu leo mlango huu ni wako, chungu hiki ni chako, na huyu ni mama yako. Akavuka kizingiti. Binti yangu akapiga magoti akafunua vyungu kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho mkono ukasita. Akakifunua hata hivyo.

Sampa akatazama ndani. Akaanza na dagaa. Akala dagaa mpaka chungu kikaonekana chini, ndipo akagusa vingine. Jogoo alimtafuna kwa adabu, mpaka leo nadhani kipande kimoja bado anacho shavuni.

Ijumaa asubuhi tukapanda kichuguuni wote wanne, ili picha ikishapigwa ipae palepale. Wakakaa bega kwa bega, hakuna blanketi wala mgombea. Chola akainua kibao. Kibao kikalia ule mlio wa bata.

"Macho hayaonekani," akasoma Chola. "Wote wawili mmeinamisha."

"Inueni macho!" nikasema.

Wakainua. Yakashuka yenyewe. Wakainua tena. Miaka yote ile shingo zimezoea njia moja tu. Foleni chini ikaanza kuhesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu, inua! Bata akalia. Nikataka kukitupa kibao kwa mchwa.

Mwisho Sampa akasema, bila kugeuka, neno lake la kwanza kwake: "Mama. Tazama pale kwa Chola. Mtazame mtoto wako tu."

Akamtazama Chola. Na Sampa naye akamtazama Chola. Chola alitabasamu, kibao kikanyamaza, miraba miwili ya kijani. Vidole gumba viwili vikashuka kwenye kioo, kimoja cha serikali na kimoja cha jembe, vikagusana ubavu, na dunia haikupasuka.

"Imebaki kupokelewa," akasema Sampa, akafuta jasho. "Mtandao unazunguka. Lazima mimi na mkulima tubaki hapa mpaka ijibu."

"Muda gani?" akauliza Mama Chola.

"Sijui, mama. Saa moja. Saa tatu."

Mama Chola akajiweka sawa, akanyoosha miguu, akamgeukia. Akamtazama usoni, safari hii bila taabu yoyote.

"Vizuri," akasema. "Kwa hiyo wewe ndiye serikali."

"Mimi ni bwana shamba tu, mama."

"Mbolea ya mwaka ule ilikuja mahindi yameshachanua, kwa nini? Kisima mlichoanza kuchimba kwa akina Lombe mliacha shimo, mbuzi wangu alianguka humo, unamkumbuka? Humkumbuki, nilikuwa sisemi na wewe. Dawa ya viwavi, nani aliipeleka kanisani? Na daraja. Tuanze na daraja."

Kumbe zile mila zilikuwa zimemkinga mume wangu. Kapoko nzima ilimlalamikia isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameyatunza yake yote, hajapoteza hata moja. Sampa hakuweza kushuka, kibao hakiruhusu. Hakuweza kuingia porini, ameshaingizwa nyumbani. Jua likapanda, kiduara kwenye kioo kikazunguka, na binti yangu alikuwa bado hajamaliza daraja.

Alasiri, kabla ya saa kumi, kibao kikalia mlio mwingine, mtamu. Imepokelewa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Chola akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekatizwa.

"Sawa. Sasa zahanati."

Sampa akanitafuta kwa macho pale chini kivulini, nilikoshukia jua lilipozidi, amekauka midomo.

"Mke wangu," akaniita kwa sauti ndogo, "hivi ile karamu ya kumtoa mkwe nje ipo?"

Nikamwambia ipo, ila inataka samaki wa Mweru.